Kiti cha Magurudumu Ndani ya Gari: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Safari

Mtoto anayetoka Kayole kwenda kliniki ya tiba ya viungo, kijana wa Dandora anayesomea katikati ya jiji, nyanya wa Jericho aliyepata kiharusi mwaka jana: kila mmoja wao anapofika stegi huwa na swali ambalo abiria wengine hawana. Je, nibaki kwenye kiti changu cha magurudumu, au nihamie kiti cha gari? Mara nyingi jibu hutolewa na utingo mwenye haraka, na hutolewa kwa kuangalia nafasi iliyopo. Usalama wa abiria haufikiriwi. Makala hii inawalenga wakazi wanaotumia viti vya magurudumu vyenye vishikilio vya mkao, wazazi na walezi wao, pamoja na madereva, wahudumu wa matatu na wenye mabasi ya shule.

Vishikilio vya mkao ni vile vifaa vinavyoongezwa kwenye kiti ili kumsaidia mtu ambaye mwili wake hauwezi kujishikilia wenyewe. Kuna kiegemeo cha kichwa, pedi za kando ya mbavu, kabari kati ya magoti, mkanda wa kiunoni, mikanda ya kifuani, na pengine kibao cha kuwekea mikono. Wanaovihitaji zaidi ni watoto na watu wazima wenye mtindio wa ubongo, waliozaliwa na mgongo wazi, walioumia uti wa mgongo, na wenye misuli inayodhoofika. Kiti cha namna hii hupimwa na kurekebishwa kwa mwili wa mtu mmoja. Ukimkalisha mwingine, hakimfai.

Vishikilio hivi vimeundwa kubeba uzito wa mwili ukiwa umetulia, au ukitikisika kidogo kwenye barabara mbovu. Havikuundwa kumzuia mtu gari linapogonga. Wengi hawaijui tofauti hiyo, na ndiyo inayoleta majeraha. Mzazi huona mtoto amefungwa mikanda minne, akaamini yuko salama kuliko kila abiria aliyemo. Lakini mikanda hiyo imeshonwa kwenye kitambaa cha kiti, mingine imeshikwa na ukanda wa kunata tu. Gari likisimama ghafla, hufunguka au hukatika.

Hesabu yenyewe haina ugumu. Kiwango cha kimataifa cha ISO 7176-19, kinachohusu viti vya magurudumu vinavyotumiwa kama kiti cha abiria, hupima kiti kwa kuiga ajali ya mbele kwa mwendo wa kilomita 48 kwa saa. Katika jaribio hilo nguvu inayovuta kila kitu kwenda mbele hufika takriban mara 20 ya uzito wake. Mtoto wa kilo 20 huvuta kama mzigo wa kilo 400. Kiti chake cha kilo 25 huvuta kama nusu tani. Hakuna mama, hata awe na mikono ya chuma, anayeweza kuzuia kilo 400. Na kilomita 48 si mwendo wa kupindukia. Sheria ya Trafiki inaruhusu kilomita 50 kwa saa ndani ya mji, na aliyewahi kupanda gari Outer Ring Road saa nne usiku anajua kama kiwango hicho huheshimiwa.

Kama unaweza kuhama, hama

Ushauri wa wataalamu kila mahali ni mmoja. Mtu anayeweza kuketi kwenye kiti cha gari na kufungwa mkanda wa gari, ahamie huko. Kiti cha gari kimefungwa kwenye chombo tangu kiwandani, na mkanda wake umeundwa kwa ajili ya ajali. Kiti cha magurudumu kikunjwe na kuwekwa mbali na watu.

Hata hivyo, kuhama kuna masharti yake. Funga breki za kiti kabla ya kumwinua mtu. Ondoa viegemeo vya miguu visikwaruze ndama. Usimwinue mtoto kwa kumshika makwapani. Bega lisilo na misuli imara huteguka haraka. Watu wawili ni bora: mmoja ashike kiwiliwili kwa nyuma, mwingine ashike mapaja. Na utingo anayetaka kusaidia, kwanza amuulize mwenyewe au mlezi wake ashike wapi. Ni adabu, lakini pia kuna sababu ya kitabibu: mtu mwenye mtindio wa ubongo akishtuliwa, mwili wake unaweza kukakamaa na kusukuma nyuma kwa nguvu nyingi, wote wawili wakaanguka mlangoni.

Akishaketi, mkanda wa gari upite chini, kwenye mifupa ya nyonga, si juu ya tumbo. Tumbo halina mfupa. Mkanda ukikaa hapo wakati wa ajali huumiza matumbo na ini. Kama kiwiliwili kinaegemea upande mmoja, viringisha leso au taulo uweke kando ya mbavu na mapaja. Lakini usiweke mto mnene chini yake wala nyuma ya mgongo, kwa kuwa mto hubonyea gari linapogonga na mkanda ukalegea papo hapo. Mtoto mdogo anayetoshea kwenye kiti cha gari cha watoto atumie hicho, kifungwe kwenye siti ya nyuma.

Jambo lingine ambalo abiria wengi wa Eastlands wanalielewa kwa uzoefu: kwenye matatu za abiria 14 injini huwa chini ya siti za mbele, na sehemu hiyo hupata joto kali. Mtu asiyehisi miguu yake, kama aliyeumia uti wa mgongo au aliyezaliwa na mgongo wazi, anaweza kuungua bila kujua hadi afike nyumbani na kuvuliwa viatu. Asikae hapo, au kama hakuna budi, miguu iwekewe kinga nene na ikaguliwe njiani. Foleni ya Jogoo Road jioni inaweza kuchukua saa nzima na zaidi. Mtu huyo huyo huhitaji kuinuliwa kidogo au kuegemezwa upande mmoja kisha mwingine kila baada ya muda, gari likiwa limesimama, ili makalio yasipate vidonda vya mgandamizo. Vidonda hivyo huanza kama wekundu mdogo, au weusi kwenye ngozi nyeusi, na vinaweza kuchukua miezi kupona.

Vipi kuhusu kumpakata? Walezi wengi hufanya hivyo kwa sababu nauli ya siti ya pili ni pesa ya unga. Hatuwezi kujifanya hatulijui hilo. Lakini ukimpakata, usimfunge mtoto na wewe kwa mkanda mmoja. Gari likigonga, uzito wako utamkandamiza kwenye mkanda. Ukipata uwezo wa kulipia siti moja zaidi, iwe katika safari ndefu kuliko zote unazofanya, au ile ya barabara kuu. Mkanda wa nyonga pekee, ambao ndio ulio kwenye siti nyingi za matatu, si kinga kamili kwa mtoto asiyeweza kushikilia kiwiliwili, lakini ni afadhali mara nyingi kuliko kukosa mkanda.

Bodaboda haifai. Mtoto asiyeshikilia shingo, akibanwa kati ya mwendeshaji na mlezi, hana kinga yoyote, na mara nyingi hana hata helmeti ya kumtosha. Tuktuk ni nafuu kidogo kwa safari fupi za ndani ya mtaa, mradi kiti cha magurudumu kisining'inie nje.

Kiti kinachotupwa juu ya keria

Safari moja mbaya inaweza kuharibu kiti kilichosubiriwa mwaka mzima. Vishikilio hupinda kiti kinaporushwa juu ya gari. Pedi ya mbavu ikisogea sentimita mbili tu, mtoto huanza kukaa upande, na mgongo ukizoea kupinda, kuurudisha ni kazi ngumu. Kabla ya kukabidhi kiti, vua kila kinachovuka: mto wa kukalia, viegemeo vya miguu, kiegemeo cha kichwa, kibao. Vitie kwenye mfuko mmoja ukae nao. Hesabu vipande unapopanda na uvihesabu tena unaposhuka. Kiti kibebwe kwa kushika fremu. Ukikishika kwa kiegemeo cha mkono, kitatoka mkononi mwako na kumwangukia mtu.

Kikiwekwa ndani, kifungwe. Kiti cha kilo 20 kilichoachwa wima kwenye nafasi ya kupitia hugeuka jiwe gari likifunga breki, na anayegongwa ni abiria wa siti ya mbele yake.

Kama lazima akae kwenye kiti chake

Wapo watu ambao hawawezi kuhama. Kiwiliwili hakishikiliki kabisa, au nyonga na mgongo vimekaza kiasi kwamba siti ya gari haiwezi kuwapokea, au ni wazito mno kwa mlezi mmoja. Hawa wanahitaji gari lenye nafasi, kwa kawaida basi la shule au gari la taasisi, na wanahitaji kufungwa mara mbili: kiti kifungwe kwenye gari, na mtu afungwe kwa mkanda wake mwenyewe. Moja bila nyingine haitoshi. Kiti kikifungwa na mtu asifungwe, mtu ataruka. Mtu akifungwa na kiti kisifungwe, kiti kizima kitamkandamiza kwa nyuma.

Kiti kielekee mbele, kama siti nyingine zote. Kwenye mabasi kadhaa utaona kimewekwa ubavu ili kubana nafasi. Mkao huo ni wa hatari sana, kwa kuwa katika ajali ya mbele mwili hutupwa kando, mahali ambapo mkanda hauna la kufanya, na fremu ya kiti hukunjika upande wake dhaifu.

Kufunga kiti kunahitaji mikanda minne: miwili mbele, miwili nyuma. Kila mmoja ushikwe kwenye fremu, mahali ambapo vyuma vimechomelewa pamoja. Usiufunge kwenye magurudumu, kwenye viegemeo vya mikono au vya miguu, au kwenye kitu chochote kinachochomolewa. Mikanda ya nyuma ishuke kwa mshazari wa nyuzi 30 hadi 45 kutoka sakafuni. Ya mbele iwe na mshazari mkubwa zaidi kidogo, nyuzi 40 hadi 60, na ianzie nje kidogo ya upana wa kiti ili kisiyumbe. Kisha kaza hadi ukitikisa kiti kisisogee. Breki za kiti peke yake hazisaidii lolote katika ajali. Huzuia magurudumu kuzunguka tu.

Kamba ya katani, au ule mpira wa kufungia mizigo kwenye pikipiki, si mkanda. Kamba hukatika na mpira huvutika. Na nguvu ya mkanda huishia pale ulipofungwa: ukichomelewa kwenye bati la sakafu bila kufika kwenye chasisi, bati litang'oka na mkanda wake. Mwenye basi la shule anayetaka kuweka mfumo huu anunue seti iliyojaribiwa kwa kiwango cha ISO 10542, na ifungwe na fundi anayefuata maelekezo ya mtengenezaji. Mafundi wetu wa jua kali wana ustadi mkubwa, na kiti kikivunjika gurudumu wao ndio watakaokurudisha barabarani. Lakini hapa tunazungumzia nguvu ya tani, na kazi ya kubahatisha huonekana kuwa nzuri hadi siku ya ajali.

Angalia pia kiti chenyewe. Kilichojaribiwa kwa ISO 7176-19 huwa na lebo inayosema hivyo, na mahali pa kufungia mikanda pamewekwa alama yenye picha ya ndoano. Usichukulie kwamba kiti chako kimejaribiwa kwa sababu tu ni kipya au kimetoka ng'ambo. Kisipokuwa na lebo, sababu ya kuhamia siti ya gari huwa na uzito zaidi, na kama haiwezekani, fungia kwenye fremu palipo imara zaidi na umwombe dereva aende polepole.

Kishikilio kimoja kimoja

Walezi huuliza zaidi kuhusu sehemu hii: nini kibaki, nini kiondolewe?

Kiegemeo cha kichwa kibaki. Gari likigongwa kwa nyuma, ndicho kinachozuia shingo isirudi nyuma kupita kiasi. Lakini ule ukanda unaopita kwenye paji la uso kushikilia kichwa uvuliwe garini. Kiwiliwili kikienda mbele huku kichwa kimefungwa nyuma, kinachovutwa ni shingo. Vivyo hivyo kola ngumu ya shingoni. Ile laini haina neno.

Mkanda wa kiunoni na mikanda ya kifuani ya kiti vibaki kwa ajili ya mkao, lakini mkanda wa usalama wa gari ufungwe pia, juu yake. Hakikisha mikanda ya kifuani haikulegea, maana mtu akiteleza chini inaweza kupanda hadi kooni. Hatari hiyo ipo hata bila ajali, kwenye matuta tu.

Mkanda wa gari uguse mwili. Hapa ndipo kiti chenye vishikilio huleta taabu, kwa sababu pedi za mbavu na viegemeo vya mikono huinua mkanda, ukaning'inia hewani sentimita kadhaa kutoka kwenye nyonga. Upitishe chini ya viegemeo vya mikono, kati ya pedi na mwili, uteremke hadi kwenye nyonga. Ule wa begani upite katikati ya bega na kifua, usiguse shingo.

Kibao cha mikono kiondolewe. Kingo zake ziko usawa wa tumbo, na ni mbao au plastiki ngumu. Mtu asiyeweza kukaa bila kibao awekewe sponji ngumu na nene kati ya kingo na tumbo, na kibao chenyewe kifungwe imara. Mkao wa nyuma usilazwe zaidi ya nyuzi 30 kutoka wima, kwa kuwa mtu aliyelala huteleza chini ya mkanda. Mtungi wa oksijeni, mashine ya kunyonya makohozi, betri ya kiti cha umeme, hata chupa ya uji, vyote vifungwe au viwekwe chini ya siti.

Kiti kilichopitia ajali kikaguliwe na mtaalamu kabla ya kutumiwa tena, hata kama hakionyeshi ufa. Mikanda iliyokuwa imefungwa wakati huo isitumiwe tena.

Haki na mahali pa kuuliza

Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia kwa kiasi kinachofaa maeneo yote, usafiri wa umma na habari. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 iliwataka wenye magari ya abiria kuyarekebisha ili yawafae watu hawa, na nafasi yake sasa imechukuliwa na sheria mpya ya mwaka 2025. Kanuni za matatu zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zile ambazo wananchi waliziita za Michuki, zilileta mikanda kwenye kila siti na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Mkanda uliokatwa au uliofichwa chini ya siti ni kosa hadi leo, na una haki ya kuudai. Utingo anayekataa kumbeba abiria kwa sababu ya kiti, au anayemtoza zaidi ya inavyostahili, aripotiwe kwa sacco yake na kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani (NTSA). Andika nambari ya gari, njia na saa.

Kwa upimaji wa mkao, anza na idara za tiba ya viungo katika hospitali za kaunti. Kwa wakazi wa Umoja, Komarock na Kayole, iliyo karibu ni Mama Lucy Kibaki. Nenda na kiti, na mueleze mtaalamu waziwazi kwamba mtoto husafiri kwa matatu. Hilo hubadilisha uchaguzi wa kiti: fremu inayokunjika, vishikilio vinavyovuka bila spana, uzito mdogo. Shirika la APDK, lililoanzishwa mwaka 1958, lina karakana ya viti Waiyaki Way. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu husajili watu wenye ulemavu na husaidia katika kupata vifaa. Usajili unahitaji ripoti ya tathmini ya daktari kutoka hospitali iliyoidhinishwa.

Kwa madereva, ombi ni fupi. Simama stegini, sawa na ukingo wa barabara, si katikati ya lami. Usiondoe gari kabla mkanda haujafungwa. Punguza mwendo kabla ya tuta, maana mtu asiye na misuli ya kiwiliwili hawezi kujiandaa kwa mtikiso kama wewe. Dakika mbili za kusubiri zinatosha.